Uchambuzi: Torpedo ya Mark 54, kichwa kipya injini ya babu

Oya wakuu, leo sio simu wala sabufa, kuna mdau kila video anakomenti "kaka chambua torpedo", haya mdau leo siku yako, tunayo Mark 54 ya jeshi la majini la Marekani. Torpedo ni bomu lenye injini yake, linaogelea lenyewe chini ya maji, na hii kazi yake ni kuwinda nyambizi.

Cheki hapa kwenye picha, urefu mita 2.7, unene sentimita 32 na kidogo, uzito kilo 276 na bado wanaiita nyepesi! Ila ukiiweka na kaka yake Mark 48 anayebebwa na nyambizi, yule ni tani moja na nusu na zaidi, unawaelewa, hii lazima helikopta iweze kupaa nayo.

Sasa stori yake ndio tamu. Miaka ya 60 walikuwa na Mark 46, injini yake inachoma mafuta fulani mekundu ambayo hayahitaji hewa ya nje, moshi unatokea nyuma. Tatizo umewahi kuziba ekzosi ya pikipiki na kiganja? Injini inakosa pumzi inazima. Ndio hivyo hivyo, torpedo ikizama sana maji yanakandamiza moshi usitoke, nguvu inashuka. Na Wasovieti wakaja na nyambizi ya Alfa, bodi la titaniamu, inakimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa chini ya maji, utaifukuza na nini?

Wamarekani wakatengeneza Mark 50, na hapa mimi nawavulia kofia aisee, ndani kuna lithiamu, inapuliziwa gesi, inawaka moto mkali, joto linachemsha maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha tabini halafu unapoa unarudi kuwa maji, mzunguko unaanza upya. Hakuna ekzosi kabisa! Ikazama hata kina gani haijali. Ikaingia kazini 1992, Soviet yenyewe imeshavunjika 1991 hahaha, adui hayupo na bei iko juu.

Ndio wakafanya kama mafundi wa Gerezani pale Dar, wakachukua ubongo wa Mark 50, yaani ile sona ya kusikiliza na kutafuta, wakaupachika kwenye injini na baruti za Mark 46, kompyuta wakaweka za kawaida za sokoni, 2004 ikaanza kazi ikiitwa Mark 54. Wengine wanaicheka eti spea used, mimi siichekei, kwenye maji mafupi ya pwani kelele zinagonga chini zinarudi, kule unahitaji akili kuliko mbio.

Halafu P-8, ndege yao ya doria ya kuwinda nyambizi, inaruka juu sana, Boeing wakaitengenezea mabawa, inaachiwa huko kama kilomita 9 juu inateleza yenyewe, ikikaribia maji inatupa mabawa inashuka na parachuti.

Kinachoniudhi ni baruti, kilo 44 tu, Mark 48 ana karibu kilo 300, kwa nyambizi kubwa yenye bodi mbili, moja ndani ya nyingine, mimi hapo nasita. Nampa 7 kwa 10.

Na kituko chenyewe wakuu, toleo wanalolitengeneza sasa, Mod 2, lina baruti mpya na injini ni ile ile ya lithiamu ya Mark 50. Waliyoitoa wenyewe!