Duka la ghorofani Jimbocho: mzee anageuza picha kabla hujauliza

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyokata nitaisema huko chini na wala sio kwa sababu ya mali.

Kwa ambao hawajafika, Jimbocho ni mtaa wa hapa Tokyo wenye maduka zaidi ya mia ya vitabu vya mtumba, ukitoka tu kwenye treni ya chini umeshafika. Maduka mengi yamejipanga upande mmoja wa barabara kubwa ya Yasukuni, upande wa kusini, milango inatazama kaskazini, mimi nikadhani ni mpangilio wa mji tu kumbe wanalikimbia jua lisiwachomee vitabu. Hili ninalolisema mimi, la vitabu vya kale na picha za kale za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, halipo barabarani, unapanda ngazi nyembamba juu ya mgahawa wa kari, harufu ya kari inakusindikiza mpaka mlangoni halafu ukiingia inapotea unasikia karatasi za kale. Jina silitaji, mzee mwenyewe aliomba, hataki watalii wapange foleni kwenye ngazi.

Nilimpelekea mzigo kwanza, sikwenda kununua. Yaani miaka mitatu nyuma nilinunua mtandaoni picha ya Hiroshige, mchoraji maarufu wa kale wa picha hizi, muuzaji aliandika "orijino kabisa", dola 120, nikaitundika ukutani nyumbani Dar, kila mgeni namhubiria. Nilipopata hii kozi ya huku nikaifunga kwenye begi nikasema wacha nikamwonyeshe mtu anayejua nijue na thamani yake. Jamaa yangu mmoja anayesoma huku akanisindikiza kutafsiri.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma. Mbele hata hakuangalia. Nyuma nyeupe pee, kama karatasi ya fotokopi. Akaguna, akanipa lenzi ndogo akanionyesha anga la bluu, na mimi nikachungulia: vidoti. Vidoti vyekundu, vya bluu, vya njano, kama picha ya gazetini ukiisogelea. Akasema neno moja kwa Kijapani na jamaa yangu akakohoa kwanza ndio akatafsiri: "Anasema ni poskadi kubwa."

Dah. Miaka mitatu nahubiri poskadi.

Sasa hapa ndipo alipochukua hizo nyota. Angeweza kunicheka akanipeleka kwenye kabati la bei kali, maana mtu aliyetoka kuaibika ananunua chochote. Yeye akafungua droo akatoa tatu, akazipanga uso chini mgongo juu mbele yangu. Ya kwanza ya zamani, nyuma rangi zimepenya mpaka unaiona picha nzima kama kivuli, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona michirizo ya duara, hiyo ni ya baren, kisugulio bapa kilichofungwa ganda la mwanzi ambacho mchapaji anasugulia karatasi juu ya kibao. Mashine hakuna, ni mkono na uzito wa mtu. Karatasi ni ya maganda ya mti wa kozo, ngumu lakini ina manyoyamanyoya, inakunywa rangi ndio maana inatokea nyuma. Ya pili ilikuwa ya mashine kama ile yangu. Ya tatu nyuma rangi zimepenya vizuri sana, michirizo ipo, nikasema kwa kujiamini hii ya zamani hii. Akaigeuza: ni lile Wimbi Kubwa la Hokusai, mchoraji mwingine wa kale, jeupe linang'aa, jipya kabisa. Kumbe kuna mafundi mpaka leo wanachonga upya vibao na kuchapa kwa njia ileile, kuna taasisi ya Adachi hapahapa Tokyo inafanya hivyo tangu 1928, na wanauza kwa bei ya halali wakisema wazi ni nakala ya kuchongwa upya. Kwa hiyo nyuma ya karatasi inakuambia imechapwaje, haikuambii imechapwa lini. Hili somo peke yake ningelilipia.

Watu wanaona picha hizi wanadhani ni mtu mmoja na brashi yake. Hapana bwana. Mchoraji anachora tu, mchongaji anachonga kwenye mti wa sakura, kila rangi na kibao chake, mchapaji anachapa rangi moja baada ya nyingine akilenga alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni ya kibao ili karatasi isihame, na juu yao kuna tajiri mwenye mtaji wa duka. Rangi nyingi namna hii zilianza kushika 1765 enzi za mchoraji Harunobu. Na zilikuwa vitu vya bei poa vya watu wa kawaida, mastaa wa maigizo, warembo, safari, kama sisi na kanga, na tena kanga nyingi walizovaa bibi zetu zilichapwa hukuhuku Japani zikaja kwa meli, bibi yangu alikuwa nayo moja sikuwahi kuiwazia hilo mpaka niko huku.

Basi nikaiona moja ya Hiroshige ukutani, yeni 45,000, nikasema hii ndio ya kufuta aibu. Mzee akaitoa kwenye fremu. Ukingo wote uliokuwa umefunikwa na fremu ulikuwa na mstari mwembamba wa zambarau, zambarau iliyoiva, na katikati penyewe ambapo sote tulikuwa tunapasifia rangi imekuwa ya majivu. Mwanga umekula. Akasema hiyo ninunue tu kama nimeipenda hivyohivyo ilivyo, nisije nikafikiri ndivyo ilivyozaliwa. Nikairudisha. Muuzaji gani wa Kariakoo atakufanyia hivyo jamani.

Nilichonunua siku ile: picha ya mchoraji Kunisada, mcheza maigizo amekaza jicho pembeni hadi kengeza, yeni 8,000, kama laki na ushee. Ni rahisi kwa sababu pembeni imekatwa, nyuma imebandikwa karatasi nyingine ya kuiimarisha, na ina tundu la mdudu kwenye kiwiko. Saini ni Toyokuni, nikashtuka, mzee akasema tulia, Kunisada alirithi jina la mwalimu wake 1844 akawa anasaini hivyo. Halafu kuna kimhuri cha mviringo kidogo kuliko kunde, ndani kimeandikwa mwaka wa chui milia (miaka yao waliipa majina ya wanyama), mwezi wa 3, ndio 1854. Yaani karatasi inakuambia mpaka mwezi! Tatizo ni kwamba ni kipande kimoja cha picha ya vipande vitatu, huyo jamaa anamkazia jicho mtu ambaye hayupo.

Vitabu navyo vipo, kwenye rafu vimelazwa, havisimamishwi kama vyetu. Nilichukua juzuu moja ya Manga ya Hokusai, sio manga hizi za vijana, ni michoro yake ya kufundishia, watu wanaoga, wanapigana mieleka, vyura, mawimbi, juzuu 15, ya kwanza 1814 na ya mwisho ilitoka 1878 mwenyewe ameshafariki tangu 1849. Hii yangu ni chapa ya baadaye ndio maana nilimudu. Rangi nyeusi, kijivu na waridi iliyopauka basi. Nikaona kurasa zimegandana kwa pembeni, nikaingiza kucha nizibandue na mzee akaruka kutoka kwenye kiti sikujua ana mbio vile. Kumbe karatasi inachapwa upande mmoja, inakunjwa katikati, mkunjo unakaa nje na ncha zinashonwa kwa uzi kwenye mgongo. Ile sio gundi, ndivyo kilivyo! Ningekipasua ningekuwa nimekula hasara kabla ya kulipa.

Karibu na mlango kuna boksi la karatasi mojamoja zilizotoka kwenye vitabu vilivyosambaratika, yeni 500 hadi 1,000, kama unaanza anzia hapo, utajifunza kushika bila presha.

Sasa ile nyota niliyokata. Keshi tu, kadi hataki kuisikia, na ATM ni mwendo. Bei haishuki hata mia, nilijaribu, nikatoa na kauli zote za sokoni jamaa yangu akagoma kuzitafsiri. Mahali pa kukaa hakuna, watu watatu mkiingia wa nne asubiri ngazini. Lebo zote za bei zimeandikwa tarehe za enzi za wafalme wao, bila mtu wa Kijapani hutoki. Na Jumapili hafungui, ambayo ndio siku yangu pekee ya mapumziko. Lakini ufungaji wake ni wa hali ya juu, hakunji, haviringishi, anaweka kati ya maboksi mawili magumu, nailoni juu, na akakuandikia risiti ya mkono yenye jina la mchoraji na mwaka, kitu ambacho yule wa mtandaoni hakunipa.

Wiki iliyopita kanipigia jamaa yangu. Mzee amekipata kipande cha pili, yule anayekaziwa jicho ametokea, mhuri uleule wa chui milia mwezi wa 3. Yeni 9,000, na amesema ananiwekea mpaka Alhamisi. Posho yangu inaingia Ijumaa.