AWS D1.1 au ISO 9606-1: fundi wa kuchomelea apimwe kwa ipi?

Swali hili hurudi kila tunapotafuta mafundi wa majengo ya chuma hapa Dodoma. Ya kwanza ni kanuni ya Marekani ya kuchomelea majengo ya chuma; ya pili ni kiwango cha kimataifa cha kumpima fundi.

Tuanze na uhai wa cheti, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kwa D1.1 ya Marekani, sifa ya fundi haina tarehe ya mwisho, mradi asikae zaidi ya miezi 6 bila kutumia mchakato (njia ya kuchomelea) aliofanyia mtihani, na kazi yake isitiliwe shaka. ISO 9606-1 inataka msimamizi athibitishe kila miezi 6 kwamba fundi bado anachomelea, na njia yake moja ya kuongeza muda wa cheti humrudisha fundi kwenye mtihani kila baada ya miaka 3. Ni gharama na usumbufu, lakini naupenda ukali huo: fundi aliyekaa kwenye mageti mwaka mzima si yule aliyefaulu mtihani wa nguzo.

Kwa ubora wa mshono, D1.1 ina nafuu, kwani vigezo vya ukaguzi vimo humohumo. ISO 9606-1 hupima mtu. Kazi yenyewe utaikagua kwa ISO 5817, kiwango cha kasoro za mshono, chenye madaraja B, C na D, B likiwa kali zaidi. Ufa D1.1 haiuvumilii kabisa.

Ila D1.1 haigusi chuma chembamba chini ya milimita 3.

Mkataba ukitaja kimoja, fuata hicho. Usipotaja, mwenye maghala mazito na mkaguzi mmoja ataiona D1.1 rahisi, mwenye mabomba membamba na mafundi wanaobadilika kila msimu, ISO itamlinda zaidi.