Mashine ya presha haina neno, mkanda ndio ulionichezea

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 70,000, ya mama mkwe, ambaye presha anayo miaka mingi. Kwake haina lawama. Namba ni kubwa, anazisoma bila miwani, na inatunza vipimo vya watu wawili.

Nafasi ya mtu wa pili akaichukua mwanangu wa miaka 13. "Bibi, na mimi nipime." 98 kwa 58. Mkanda wa kuvalisha mkononi ulikuwa unampwaya, lakini nani alijali? Nikajua kichwa kinachomuuma kila jioni ni simu tu.

Nilipompeleka zahanati, sista alimkalisha kwanza dakika tano, mgongo kwenye kiti, miguu chini, mdomo kimya. Akatoa mkanda mdogo: 134 kwa 84, iko juu. Nikabisha, mbona ya nyumbani inasema vingine? Akaniuliza, "Mkanda wako saizi gani, mama?"

Niliporudi nikaugeuza. Sentimita 22 hadi 32, imeandikwa pale pale kwa ndani. Nikaazima tepu ya fundi cherehani, nikampima katikati ya bega na kiwiko: 19. Kumbe mkanda ukiuzidi mkono unashusha namba, ukibana unaipandisha. Muuzaji hakuniambia, na boksi lenyewe lina picha ya familia nzima, mtoto katikati anacheka!

Presha ya watoto nilidhani ni nadra mno. Utafiti uliotoka 2025 katika jarida la Lancet la afya ya watoto unaonyesha mwaka 2000 walikuwa kama 3 katika kila 100, na 2020 wakafika 6, yaani milioni 114 hivi duniani. Wanene kupita kiasi ndio inawapata zaidi. Wangu ni mwembamba kama ufito, ndiyo maana nilichanganyikiwa.

Ila sista alikataa kumwita mgonjwa kwa kipimo kimoja. Turudi siku nyingine mbili, akasema. Ya pili 126, ya tatu 118 kwa 72. Nikalala usingizi.

Mkanda wa sentimita 17 hadi 22 nimeupata duka la nne, 30,000. Wa kampuni nyingine usiuchukue, mpira wake hauchomeki, nimeshajaribu. Kwa mtu mzima naipa nyota nne. Kwa mtoto, bila huo mkanda, moja, tena ya kuwaka tu.

Sasa mama mkwe analalamika mjukuu anamalizia betri.