Matema kwa siku mbili: uzoefu wangu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa kwa anayetoka Mbeya

Kwa mtu wa Mbeya anayetaka mapumziko mafupi ya ufukweni, napendekeza Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Naipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti kwamba ulale siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo hufika jua likiwa utosini, upepo umeshaanza kuvuma na samaki wazuri wameshachukuliwa. Huyo akija kusema Matema haina kitu, simshangai.

Kosta za Kyela hupakia stendi ya Nanenane. Kabla ya kulipa, uliza gari linaishia wapi, maana nyingi huenda Kyela mjini na utalazimika kupanda gari la pili la Ipinda na Matema. Hilo la pili husubiri lijae, na jioni magari hupungua, kwa hiyo ondoka Mbeya kabla ya saa sita mchana. Kwa gari lako ni mwendo wa kama saa tatu. Huna haja ya kufika Kyela mjini: ukifika Kikusya kunja kushoto, ushike lami ya Ipinda hadi Matema, kilomita 39 hivi.

Dereva mgeni aiheshimu hii njia. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Kwanza unapanda milima ya Uporoto, ambako Isongole inaweza kufunikwa na ukungu hata saa nne asubuhi, kisha unateremka muda mrefu kupitia Kiwira na Tukuyu. Teremka kwa gia ndogo, injini ndiyo ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinanuka, na zikipata moto kupita kiasi hazikamati tena. Ikitokea, egesha zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Sweta la Isongole utalivua kabla ya kufika Kikusya.

Fedha taslimu toa Tukuyu au Kyela, usitegemee kuipata ufukweni.

Nyota niliyopunguza ni ya malazi. Nyumba moja ya wageni nisiyoitaja ilinipa chumba chenye chandarua kilichotoboka pembeni na feni isiyo na maana umeme ukikatika. Malaria ya Kyela si ya kufanyia mzaha. Ukionyeshwa chumba, kishushe chandarua chote, kitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, halafu ndipo ulipe. Mimi sasa hubeba changu, kamba na misumari miwili. Chagua chumba chenye madirisha pande mbili, hewa ipite.

Ziwa lenyewe ndilo linalonirudisha. Jua hutokea nyuma ya Milima ya Livingstone, kwa hiyo asubuhi ufukwe hukaa kivulini kwa muda, maji yametulia na unaona mchanga wa chini kabisa. Ukivaa miwani ya kuogelea na kusogea kwenye mawe upande wa mlimani, utaona samaki wadogo wa bluu na njano, wale wanaouzwa nje kwa ajili ya matangi ya mapambo. Ogelea hapo kwenye mchanga safi na mawimbi madogo. Epuka maji yaliyosimama kwenye matete, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho hukaa humo. Epuka pia mdomo wa mto Lufilyo, kuna mamba. Ukisharudi, pima kichocho baada ya miezi miwili hivi. Ukipima wiki ileile majibu yanaweza kukudanganya.

Jumamosi asubuhi ni ya Lyulilo, kijiji jirani, unatembea kwa miguu kufuata ufukwe. Hapo ndipo soko la vyungu vya Wakisi. Akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga kwa mkono, na mzigo huletwa kwa mitumbwi. Fika mapema, kabla wachuuzi wa jumla hawajachagua. Namna ya kuchagua: kiinue chungu kwa mkono mmoja, ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele ndogo. Kikitoa sauti butu, kina ufa hata kama huuoni. Pitisha kidole ndani kuzunguka kitako, unene uwe sawa. Palipo pembamba ndipo patakapopasuka kwenye moto. Kuwa na heshima kwenye bei, salamu ya "Mwaghona, mama" kwanza, biashara baadaye.

Ukitaka kufika Ikombe kwenyewe, panga na mwenye mtumbwi jana yake, uulize kama ana majaketi ya kuokolea, na muondoke saa moja asubuhi. Mchana upepo huleta mawimbi, na Juni hadi Agosti upepo wa kusini huweza kuyakuza siku nzima. Machi hadi Mei mvua za Kyela ni kubwa mno. Mimi huenda Septemba au Oktoba.

Chakula: agiza mbasa asubuhi kwa ajili ya mchana. Mwambie mpishi akuonyeshe samaki, mashavu yawe mekundu na macho yawe yamejaa. Aliyebanikwa kwa makaa, wali wa mchele wa Kyela na limao, sina la kuongeza. Usipa, yaani dagaa wa ziwa hili, wa kubeba nyumbani nunua waliokaushwa kwenye vichanja. Waliokaushwa chini husaga mchanga mdomoni hata uwaoshe mara tatu.

Kurudi Jumapili, chungu kijaze nguo kutoka kwenye begi lako, kifunge kwa kanga na ukipakate mwenyewe. Kikiwekwa kwenye keria ya kosta, matuta ya Tukuyu hayakiachi. Nyumbani kiloweke usiku mzima, kisha kichemshie uji mwepesi kwa moto mdogo ili vinyweleo vizibe. Maharage yapikwe siku ya pili.