Programu ya kuchoma etiketi juu ya diski: dola zimekwenda, hasira imebaki

Niseme mapema: graveri yenyewe, yaani mashine ya kuchoma diski, sina neno nayo. Neno langu ni juu ya programu, na zaidi juu ya kijana mmoja wa duka la kompyuta pale Nyawera, hapa Bukavu.

Mimi ndiye ninayetunza kazi za kwaya yetu huku Kadutu. Tulirekodi nyimbo, na wazee wa parokia, ambao redio za magari yao bado zinakula diski, walikataa habari za flashi. Shemeji yangu wa Ubelgiji alikuwa ametuletea graveri ya LightScribe na boksi la diski zake, zile zenye mgongo wa dhahabu iliyofifia. Kwa asiyeijua: kampuni ya HP waliitangaza mwaka 2004. Ukimaliza kuchoma nyimbo unatoa diski, unaipindua, mgongo unatazama chini, na leza ile ile iliyochoma nyimbo inachora jina na picha kwenye rangi iliyopakwa pale kiwandani. Hakuna wino wala karatasi.

Lakini graveri haichori kwa hiari yake. Inataka programu mbili ndani ya kompyuta: moja ya mfumo, inayosema na graveri, na nyingine ya kupanga maandishi na picha, kama Template Labeler au Nero. Ukikosa ile ya kwanza, ile ya pili inakuonyesha mapambo yote, halafu haichomi kitu. Zamani ile ya mfumo iligawiwa bure kwenye tovuti ya LightScribe. Tovuti ilishafungwa, LightScribe yenyewe ikaachwa. Ndiyo maana nikaenda Nyawera.

Nilimweleza kijana polepole, nikamwandikia na jina. Akasema anayo, niache dola, nirudi jioni. Jioni akanipa diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nyumbani naifungua: ni programu ya kuchapa etiketi za karatasi! Zile unazotoa kwenye printa, unakata kwa mkasi, unabandika. Hata printa sina.

Nikarudi. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. «Mama, ile yote ni mamoja. Etiketi ni etiketi. Unakuwaka na maulizo mingi.» Nikamwambia kijana, hii nayo ni diski ya LightScribe, ione, mgongo wake si kama wa nyingine. Akaichukua mkononi mwangu. Nikadhani anaisoma. Kumbe anatafuta karatasi yenye gundi, akaibandika juu ya diski yangu, juu ya ile dhahabu, tundu la katikati likiwa limekaa upande. «Njo hivi tunafanyaka.» Wateja wakacheka. Nikadai dola zangu. «Programu hairudishwi. Koko, ununue flashi.»

Koko, yaani bibi kizee! Mwanangu mkubwa bado yuko sekondari.

Na lile karatasi halikuwa matusi tu. Diski inazunguka kwa kasi kubwa. Ukiibandika karatasi iliyoegemea upande mmoja inayumba, na redio inashindwa kusoma. Diski ile tuliijaribu kwenye gari la mwenyekiti wa kwaya. Ilicheza wimbo mmoja na nusu, ikaanza kukwaruza, kisha ikagoma kutoka. Nilipojaribu kubandua ile karatasi baadaye, ilitoka na rangi ya dhahabu. Muuzaji anayegusa mali ya mteja bila kuuliza, mimi simpi hata nyota moja. Nitampaje nyota?

Programu ya kweli ilipatikana bila dola. Mpwa wangu aliikuta kwenye diski iliyokuja pamoja na graveri nyingine ya zamani, katika droo ya jirani. Basi kama una graveri ya namna hii, diski ya kiwandani usiitupe. (Wenye kompyuta za Linux nao walitengenezewa yao, kulikuwa na ya kampuni ya LaCie, lakini sisi hatukuihitaji.)

Sasa sikilizeni. Jina peke yake, duara dogo karibu na tundu, linatoka kwa dakika chache. Picha ya kwaya nzima kwa rangi nzito inapita dakika 20, maana inachorwa duara kwa duara kutoka katikati kwenda nje. Na sisi tuko Bukavu: umeme ukakatika picha ikiwa nusu, waimbaji wa sauti ya kwanza wana vichwa, besi hawapo. Nikasema diski imekufa. Uliporudi tukaanzisha upya, na graveri ikapita juu ya michoro ya kwanza bila kukosea hata nywele. Kuna alama ndogo karibu na tundu, ndizo zinazoiambia graveri diski imekaa vipi. Sehemu ya kati, iliyochomwa mara mbili, ilitoka nyeusi zaidi na nzuri zaidi! Tangu hapo nyingine tunazichoma mara mbili kwa makusudi. Nilifurahi mpaka nikamsahau yule kijana, kwa saa moja hivi.

Je, nawashauri? Hapana. Rangi ni moja tu, kivulivuli, haifutiki ukikosea herufi, na ukiiacha diski juani kwenye kioo cha gari picha inafifia. Kununua graveri hii leo ni kujitafutia taabu. Ila mama mmoja wa kwaya alipoiona sura yake juu ya diski alikataa kuirudisha kwenye jalada, akazunguka nayo parokia nzima, na mimi nani nimwambie haifai? Kama unayo tayari, itumie. Kama huna, achana nayo. Au, basi, kama shemeji yako analeta, pokea.

Boksi letu linakwisha. Anayejua diski tupu za LightScribe zinauzwa wapi, Bukavu au hata Goma, aseme na bei. Za Nyawera msiniambie.