"Tener que" na "hay que": namna mbili za kueleza wajibu kwa Kihispania

Namna zote mbili hufuatwa na kitenzi katika umbo lake la msingi, lakini hutofautiana katika kumtaja mhusika. "Tener que" hubadilika kulingana na nafsi, hivi kwamba "tengo que estudiar" ni "inanibidi nisome" na "tienes que estudiar" ni "inakubidi usome". "Hay que estudiar" haimtaji yeyote, bali husema tu kwamba ni lazima kusoma. Wanaoanza huvutiwa na "hay" kwa kuwa haibadiliki kwa nafsi, ila ningewasihi watangulize "tener que", maana mazungumzo ya kila siku hudai kujulikana nani anawajibika. Kwa maelekezo ya jumla, kama "hay que pagar en la caja", yaani malipo yafanyike kwa keshia, umbo la pili hufaa zaidi.