Tyubu ya kifuniko cha buluu: kifaa kizuri kisichovumilia damu pungufu

Tyubu tunayoitathmini hapa, ya kuchukulia damu ya vipimo vya kuganda, ni ya plastiki, ina kifuniko cha buluu, inapokea mililita 2.7 za damu, na ndani yake kuna mililita 0.3 za sitireti ya sodiamu, chumvi ya kuzuia damu isigande, ya asilimia 3.2. Inafaa kununuliwa, tena kwa moyo mmoja. Lakini mnunuzi ajue kwamba ubora wake wote unategemea kamstari kadogo kaliko ubavuni, kanakoonyesha damu ifike wapi.

Sitireti hukamata kalsiamu, na damu isiyo na kalsiamu haigandi. Maabara hutenga plazima (majimaji ya damu yasiyo na chembe), huongeza kitendanishi na kalsiamu kwa kipimo maalumu, kisha huhesabu sekunde hadi donge litokee. Hesabu hiyo imejengwa juu ya sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitireti. Damu ikipungua, sitireti ya ziada humeza kalsiamu inayorudishwa, na muda wa kuganda hurefuka. Mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ataonekana ana INR (kipimo cha kupangia dozi yake) kubwa kuliko aliyo nayo kweli, atapunguziwa dozi, na donge analokingwa nalo litapata njia. Kati ya vipimo vikuu viwili vya muda wa kuganda, PT (ambayo ndiyo huzaa INR) na APTT, APTT ndiyo huyumba mapema zaidi. Kwa tyubu hii, asilimia 90 ya ujazo ni takriban mililita 2.4, na sampuli iliyo chini ya hapo irudishwe bila kuonewa haya.

Ombwe lililomo ndani ya tyubu ndilo linalovuta na kupima damu, kwa hiyo kazi ya mtoaji damu ni kusubiri: damu iache kutiririka yenyewe, ndipo tyubu ichomolewe. Sindano ya kipepeo, yenye mabawa na mrija mrefu, inahitaji tyubu ya kutupa kwanza, maana hewa iliyomo kwenye mrija wake huingia na kuchukua nafasi ya damu. Kosa hili ni la kila siku, na dawa yake ni rahisi mno. Baada ya kuchomoa, tyubu ipinduliwe taratibu mara 3 hadi 6. Ukiitikisa, chembe nyekundu hupasuka na chembe sahani, zile za kuanzisha donge, huamka. Usipoipindua, damu iliyokaa juu huanza kuganda. Kabla ya kuizungusha kwenye mashine ya kutenga plazima, iinamishe mbele ya taa na uangalie chini ya kifuniko: donge dogo hupenda kujibanza hapo, jeusi, lenye ukubwa wa punje ya mtama, na likionekana sampuli nzima haifai.

Kuna mtu huona tyubu mbili zimejaa nusu nusu akazimimina pamoja. Mstari utafikiwa kweli, lakini sitireti imekuwa maradufu. Kubaya zaidi ni kujazia kwa damu ya tyubu ya zambarau. EDTA, kizuia kuganda kilichomo humo, huteka kalsiamu kwa nguvu zaidi, na majibu yanaweza kuonyesha faktari (protini za kugandisha damu) V na VIII zimeshuka, hadi mtu asiye na tatizo adhaniwe ana kizuizi cha faktari VIII, yaani kingamwili inayoizima. Ndiyo maana ya buluu hutangulia ya zambarau wakati wa kutoa damu.

Udhaifu ambao hakuna mtengenezaji aliyeumaliza ni huu: sitireti imepimwa kwa damu, ilhali inafanya kazi kwenye plazima. Mtu mwenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya zaidi ya asilimia 55 ana plazima kidogo, na hata tyubu iliyojaa sawasawa itampa muda mrefu wa uongo. Sitireti inayomfaa, kwa mililita: 0.00185 × (100 − hematokriti) × ujazo wa damu kwa mililita. Kwa hematokriti ya 60 na tyubu hii, jibu ni mililita 0.2. Yaani mililita 0.1 ya sitireti itolewe kwa bomba dogo la sindano kupitia mpira, bila kufungua kifuniko wala kuingiza hewa, kabla ya kumchoma mgonjwa. Watoto wachanga na wagonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao ndio huhitaji hili mara nyingi, na ndio husahauliwa.

Nguvu ya asilimia 3.2 ndiyo inayopendekezwa kimataifa. Ya 3.8 bado ipo sokoni. Haina ubaya yenyewe, ila inarefusha muda, na maabara inayochanganya zote mbili haiwezi kuwa na viwango vya kawaida vinavyoaminika. Chagueni moja. Inapendeza pia kukumbuka kwamba chumvi hii ndiyo iliyofungua mlango wa kuongeza damu: Albert Hustin kule Brussels na Luis Agote kule Buenos Aires waliitumia mwaka 1914, na mwaka 1915 Richard Lewisohn wa New York akaonyesha kuwa asilimia 0.2 inatosha kuzuia kuganda bila kumdhuru mpokeaji. Mfuko wa damu wa leo bado umebeba sitireti.

Tyubu yenyewe haihifadhi sampuli milele. Mzunguko wa 1500 g (nguvu mara 1500 ya uvutano wa dunia) kwa dakika 15 kwa kawaida huacha chembe sahani chini ya 10,000 kwa mikrolita, na plazima inyonywe bila kugusa tabaka jeupe la chembe lililo chini yake. PT huvumilia saa 24 kwenye joto la chumba, APTT saa 4 tu. Barafu isitumike kwa damu isiyozungushwa: baridi huamsha faktari VII na hupunguza faktari VIII na ya von Willebrand, na mtu asiye na ugonjwa wa von Willebrand, wa kutokwa damu kupita kiasi, huweza kuandikiwa kuwa anao.

Wakati wa kuagiza, ombeni yenye kuta mbili za plastiki. Ukuta mmoja hupoteza maji na ombwe taratibu, na boksi lililokaa kwenye joto huanza kujaa pungufu hata kabla ya tarehe ya mwisho. Kila boksi jipya lijaribiwe kwa maji: tyubu chache zivute maji, kisha zipimwe kwenye mizani. Kwa wanaofuatilia kwa APTT wagonjwa wa heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ama damu izungushwe ndani ya saa 1, ama inunuliwe tyubu ya CTAD, yenye sitireti pamoja na dawa za kutuliza chembe sahani, kwani faktari 4 itokayo kwenye chembe sahani hufuta heparini ndani ya tyubu wakati sampuli inasubiri.